Hyrax Hill ama Menengai: ukiwa na siku moja Nakuru, upande kilima kipi?

Kila Disemba ni hadithi ile ile. Wageni wanafika Nakuru, wanakula, wanalala, asubuhi ya pili mtu mmoja anauliza "sasa leo tunatembea wapi?" na macho yote yananigeukia mimi juu ndio mkaaji wa hapa. Kule kwa wanyama ndani ya geti la Ziwa Nakuru ni pesa na unahitaji gari, tao tumeshazunguka mpaka viatu vimechoka, kwa hivyo kinabaki kilima. Na ukiuliza watu wa hapa kilima cha kutembea nusu siku, watakutajia viwili, Hyrax Hill na Menengai. Vyote viko karibu, vyote ni vya miguu, vyote vina nyasi na mawe na upepo, na bado ukichagua vibaya mtu anakununia mpaka jioni. Najua juu nimenuniwa.

Disemba iliyopita shangazi yangu alikuja kutoka Ahero, akaja na watoto watatu wa binamu yangu wa Kisumu, mdogo ana miaka sita na mkubwa kumi na tatu, na tukaenda kote kuwili siku mbili zikifuatana. Kwa hivyo haya naandika nikiwa na miguu bado inakumbuka.

Kwa wenye haraka: kama una mtu anapenda kuelezwa vitu, ama mtoto wa shule, ama mzazi mwenye magoti ya kulalamika, nenda Hyrax. Kama una mtu anataka kusimama mahali aseme "wueh!" halafu apigwe picha, nenda Menengai. Lakini kuna kitu kimoja kinavuruga hiyo hesabu yote na ndio sababu sijaishia hapo. Menengai inajieleza, ata kabla hujashuka kwa pikipiki umeshaelewa umeletwa kuona nini. Hyrax haijielezi kabisa. Ukienda bila mtu wa kukuonyesha utazunguka nyasi, utaona mawe yamerundikana, utauliza "ni hii tu?" na utarudi nyumbani. Mimi mara ya kwanza nilienda hivyo hivyo, nilikua nimehamia Free Area juzi juzi, nikapanda, nikashuka, nikasema hiki ni kilima cha mbuzi. Nikakaa karibu miaka minne bila kurudi. Nilivyorudi na mtu wa makumbusho ndio nikajua ile siku ya kwanza nilikua nimekula ndizi yangu nikiwa nimekaa kando ya makaburi.

Kufika na kupanda

Hyrax iko kama kilomita 4 kutoka tao, kwa barabara ya Nairobi. Unapanda matatu za upande wa Lanet ama Pipeline, unamwambia konda akushushe Hyrax, ukivuka barabara ni kwa makini sana (hapo magari hayana huruma, na watoto uwashike mkono, usiwaambie tu "njooni") halafu unatembea kidogo mpaka geti. Shangazi alitembea na leso na slipa na hakuulizia boda ata mara moja.

Menengai hakuna matatu inakufikisha juu. Unapitia Milimani, barabara inapanda inapanda, ni kama kilomita 8 hivi kutoka tao, na una njia tatu: gari yako, boda, ama miguu. Kwa miguu ni mazoezi ya ukweli, tao iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na sehemu ya juu kabisa ya Menengai ni mita 2,278, kwa hivyo hiyo tofauti yote utailipa na jasho. Vijana wa Nakuru hupanda asubuhi ya Jumamosi wakikimbia kabisa, mimi niliwahi kuwafuata nikaishia katikati nikijifanya nafunga kamba ya raba.

Ukienda na boda, patana bei ya kwenda NA kurudi, na ulipe nusu tu kwanza. Sisi tulilipa yote, jamaa akasema "nitawangojea hapo chini ya mti," na tulivyorudi mti tuliukuta. Tukashuka na miguu na mtoto wa miaka sita mgongoni kwangu, shangazi nyuma akiimba nyimbo za kanisa, sijui ni za kunitia moyo ama za kunisuta.

Kwa kupanda kwenyewe hakuna ushindani. Hyrax ni mgongo mdogo wa mawe, urefu wake nusu kilomita hivi, kilele chake kama mita 1,900, nyasi nyingi, mteremko wa kawaida, unaeza kupanda ukiongea na simu. Ukizunguka kila kitu na makumbusho ndani yake ni masaa mawili, ukiwa na watoto wanaouliza maswali ni matatu. Menengai ukifika na gari hakuna kupanda kokote, unashuka na uko ukingoni. Kushuka ndani ya shimo lenyewe ni habari nyingine na sikushauri uende bila mtu anayejua njia, kule chini mawe ni makali, vichaka ni vingi, na njia zinapoteana. Na watoto wadogo ukingoni pale, jamani, mkono kwa mkono. Hakuna ukuta wa kumzuia mtoto.

Ukibaki kwa ukingo tu bila kushuka, sema ukweli, Menengai ni saa moja. Unaona, unashangaa, unapiga picha kwa kile kibao chenye mishale ya kuonyesha miji ya dunia iko umbali gani, unakula mahindi kama kuna mtu anachoma, halafu? Upepo unaanza kukutoa. Beba sweta, sitanii, shangazi leso yake ilipeperushwa ikanaswa kwa kichaka ndani ya ukingo na hakuna mtu aliyejitolea kuifuata.

Mawe yenyewe

Hapa ndio Menengai inashinda na iko na haki ya kushinda. Watu tunaiita kreta lakini wataalamu wanaiita kaldera, na tofauti si ya majina tu. Kreta ni mdomo ambao volkeno inatapikia. Kaldera ni paa lililoanguka. Mlima Menengai ulianza kujijenga zaidi ya miaka 200,000 iliyopita, lava juu ya lava, mlima mpana wenye mteremko wa polepole, chini yake kukiwa na chumba kikubwa cha mawe yaliyoyeyuka. Siku chumba kilipotapika kwa wingi na kwa ghafla, paa likakosa kitu cha kuliegemeza likadidimia. Watoto niliwaambia fikirieni andazi limevimba vizuri halafu mtu alitoboe katikati na kidole, wakaelewa mara moja, na wa miaka sita akasema ana njaa.

Shimo lililobaki ni kama kilomita 12 kwa 8, eneo lake kama kilomita za mraba 90, na kuta zingine zinateremka karibu mita 500. Ngorongoro ya Tanzania ni karibu mara tatu ya hiyo, lakini Ngorongoro utaifikia lini, na Menengai uko nayo nyuma ya Milimani? Ukiangalia chini usitarajie uwanja wa nyasi na ndovu. Ni lava juu ya lava, nyeusi nyeusi, imekunjamana kama uji ulioganda, na vichaka vimeanza kuota juu yake. Hiyo lava imemwagika baada ya paa kuanguka. Na ule moshi mweupe unaona unapanda kwa sehemu sehemu si watu wanachoma makaa (mimi nilidhani hivyo kwa muda mrefu), ni mvuke.

Mvuke huo ndio umeleta zile mashine. Kampuni ya serikali ya jotoardhi, GDC, ilianza kuchimba visima mle ndani mwaka wa 2011, visima vya kilomita 2 kwenda chini, na vingine viligonga mpaka mawe yaliyoyeyuka. Fikiria hiyo. Kilomita 2 ni kama kutoka kwako mpaka kwa duka la pili la supamaketi, na ukiigeuza kuelekea chini unakuta moto. Mwaka wa 2023 mtambo wa kwanza wa kibinafsi, wa megawati 35, ukaanza kuingiza stima kwa laini. Kwa hivyo mtu akikuambia Menengai imelala, mwambie imelala nusu tu.

Hyrax nayo ni mawe ya volkeno vilevile, lakini usitegemee ikutishe. Hakuna shimo, hakuna mvuke. Kitu cha kuona Hyrax ni maji ambayo hayapo. Simama juu, geukia kusini, utaona Ziwa Nakuru kule chini likimetameta. Sasa lilete akilini mpaka lifike karibu na miguu yako. Miaka kama 9,000 na zaidi iliyopita, mvua ilikua nyingi huku Bonde la Ufa, na Ziwa Nakuru na Elementaita yalikua ziwa moja kubwa, lenye kina cha zaidi ya mita 100 kuliko sasa, na maji yalipiga chini ya hiki kilima. Mahali unaona mabati ya estate na magari ya Nairobi yanapita palikua chini ya maji. Mkubwa wa watoto, yule wa kumi na tatu, ndio hapo alitoa simu mfukoni akaacha kuchezacheza. Akauliza, "sasa samaki walikua hapa kwa lami?" Nikamwambia lami ndio iko kwa samaki.

Na hiyo si habari ya kale tu. Tangu miaka ya 2010 hivi hilo ziwa limekua likipanda tena, limemeza geti la zamani, limemeza barabara za ndani na nyumba za watu wa karibu, na ukiwa juu ya Hyrax unaona ile miti iliyokauka imesimama ndani ya maji. Hakuna mahali pengine pazuri pa kuelezea mtoto kwamba ziwa linapanda na kushuka na halijali mtu alijenga wapi.

Ukirudi tao na viatu vimejaa vumbi, hiyo nayo ni Menengai. Udongo wa huku kwa sehemu kubwa ni majivu ya volkeno na mawe mepesi yenye matundu, ndio maana unapeperuka hivi, na jina Nakuru lenyewe husemwa limetoka kwa neno la Wamaasai la mahali pa vumbi. Kwa hivyo ukifua soksi, ujue unafua mlima.

Shangazi, kwa haki yake, hakushtuka na mawe ya Hyrax. "Haya mbona madogo," akasema, "sisi tuko na Kit Mikayi kule Seme, jiwe limepanda juu ya jiwe mpaka unashangaa nani alilipandisha." Ni kweli, na ni jiwe la aina nyingine kabisa, ni graniti iliyopoa polepole ndani ya ardhi ikaachwa wazi na mmomonyoko, si lava ya juzi kama hii yetu. Kwa mawe ya kusimama peke yake Seme inatushinda, nilikubali yaishe.

Watu waliopita hapa

Sasa hapa Hyrax inaamka, na Menengai inabaki na hadithi moja kubwa.

Hiyo hadithi moja ni nzito lakini. Jina Menengai hutafsiriwa kutoka Kimaasai kua mahali pa wafu. Inasimuliwa kwamba katika vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 19, Ilpurko na Ilaikipiak, wapiganaji wa Ilaikipiak walisukumwa mpaka ukingoni wakaangukia humo. Ukiwa umesimama pale na upepo unalia kwa mawe, huhitaji mtu akuongezee chumvi. Wakikuyu nao walikua wanaiita Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu. Na mpaka leo watu hupanda kuomba na kufunga kwenye mapango ya kule, wengine wanakaa siku kadhaa, ukisikia sauti zinatoka chini ni hao, usikimbie. Ukiwakuta, pita polepole na usitoe simu kupiga picha. Ni adabu tu.

Lakini ukishaijua hiyo hadithi, umeijua. Hakuna kitu cha kuonyeshwa na kidole.

Hyrax kila hatua kuna kidole. Louis Leakey ndiye alipaona mwaka wa 1926, akiwa anachimba makaburi mengine hapa Nakuru, halafu mke wake Mary Leakey akaja kuchimba kwa kina 1937 na 1938. Mwaka wa 1943 pakatangazwa kua mahali pa kuhifadhiwa kisheria, na 1965 makumbusho yakafunguliwa, ndani ya nyumba iliyokua ya shamba la walowezi, ndio maana ukiingia unahisi umeingia sebuleni kwa mtu na si kwa makumbusho. Hilo jina la Hyrax pia ni la hao walowezi, juu ya pimbi waliojaa kwa nyufa za mawe. Pimbi sai ni wachache, estate zimewabana, sisi tuliona mmoja tu amekaa juu ya jiwe kama mwenye ploti. Mwelekezi akawaambia watoto kwamba huyo ndugu yake wa karibu ni ndovu. Ni kweli kabisa lakini walikataa katakata, wa miaka sita alimwambia mwelekezi "wewe unatubeba."

Kuna vijiji viwili vya nyakati tofauti hapo, na hii ndio inachanganya watu wakienda peke yao, juu vyote vinaonekana ni nyasi. Cha zamani zaidi ni cha wafugaji wa enzi ya mawe, kama miaka 3,000 nyuma, watu wenye ng'ombe lakini bila chuma. Makaburi yao yako hapo chini, na kaburi moja limeachwa wazi ulione. Mwili ulikunjwa kama mtu amelala kwa baridi, na mawe makubwa yakawekwa juu. Kitu kilichomgusa shangazi ni kwamba wanawake walizikwa na vyombo, zile sahani za mawe na vitu vya kusagia, na wanaume walizikwa bila kitu. Akakaa kimya kidogo halafu akasema, "kwa hivyo ata huko walikua wanaenda kupika." Mwelekezi akacheka mpaka kofia ikaanguka. Mimi nafikiri labda walikua wanaheshimiwa, vyombo vilikua mali yao na hakuna wa kuvirithi, lakini na shangazi hubishani juu ya jikoni.

Cha pili ni cha Wasirikwa. Wengi tunalijua hilo jina kama hoteli ya Eldoret, lakini Wasirikwa ni watu ambao Wakalenjin wanawasimulia kua walikaa nyanda hizi kabla yao, wafugaji wakubwa, takriban kati ya karne ya 12 na ya 18. Walichimba zizi kwa mteremko, shimo la duara, ng'ombe wanalala ndani ya shimo na nyumba imegandana na zizi ubavuni, lango moja tu. Mwizi akija usiku lazima apite mlangoni kwako. Samadi na matope walikua wanayatoa kila siku wanayarundika nje mlangoni, na hizo rundo mpaka leo ni vilima vidogo unaviona. Hyrax kuna mashimo kumi na tatu ya hivyo. Ukitazama bila kuambiwa, ni mabonde madogo ya nyasi, mtoto anaeza kubingirika ndani. Ukiambiwa, unaanza kuona lango lilikua wapi, moshi ulikua unatokea wapi, nani alikua anaamka kwanza. Mashimo kama hayo yako mengi pia Uasin Gishu na kwingine huko juu, lakini huku kwetu kuna mtu wa kukuonyesha.

Kule kileleni kuna mabaki ya ukuta wa mawe, kama boma la kuchungulia adui. Na vijiwe vyeusi vinavyong'aa ukiona kwa njia, kama vipande vya chupa ya bia, hiyo ni obsidiani, kioo kinachotengenezwa na volkeno yenyewe lava ikipoa haraka. Hawa watu wa kale walikua wanaikata visu na nyembe, na obsidiani nzuri ya bonde hili inajulikana inatoka upande wa Naivasha na mlima Eburru, kwa hivyo mtu alikua anaibeba mwendo wote huo bila matatu. Angalia, piga picha, rudisha chini. Usiweke mfukoni. Kuna sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inalinda hivi vitu, na pia kila mgeni akibeba kimoja, watoto wa watoto wetu watakuta nyasi tu.

Pesa, hali ya hewa, vitu vidogo

Kote kuwili kuna kiingilio, Hyrax ni ya makumbusho ya taifa na Menengai ni msitu wa serikali, na siku hizi malipo ya serikali ni kwa simu kupitia eCitizen, kwa hivyo noti mfukoni haitakusaidia kwa geti. Hakikisha una bando na chaji. Mtoto na mtu mzima hawalipi sawa, mwananchi na mgeni wa nje pia hawalipi sawa, kwa hivyo beba kitambulisho. Mwelekezi wa Hyrax akikuzungusha vizuri mpe kitu, usingoje aombe.

Aprili na Mei mvua ikiwa kali mimi siendi Menengai, njia inateleza na ukungu ukikaa ndani ya kaldera unaeza kufika ukingoni ukaona weupe mtupu kama maziwa. Hyrax ata kukinyesha unaingia makumbusho unangoja. Jua la saa saba nalo Hyrax ni kali, miti ya juu ni michache, na nyasi zikiwa ndefu vaa viatu vya kufunga. (Shangazi na slipa zake hakusikia, na hakuumwa na kitu. Ndivyo alivyo.)

Chakula: Hyrax kuna mahali pa kukaa mkala kilichotoka nyumbani, na ukirudi barabarani kuna smoki na mayai. Menengai beba kila kitu, na maji ziada.

Kuna watu huuliza na Kariandusi je, kule karibu na Gilgil, kwenye shoka za mawe. Nzuri sana, na ni ya zamani kuliko Hyrax kwa mbali mno, lakini hiyo ni safari ya kutoka Nakuru na si kilima cha kutembea, iache siku nyingine.

Sasa nani aende wapi

Wapenzi wapya, Menengai, jioni kidogo kabla jua halijateremka, na muwe na usafiri wa kurudi mkononi. Kikundi cha vijana wanaotaka jasho, Menengai kwa miguu kutoka Milimani, na muanze saa kumi na mbili na nusu. Mtu amepitia Nakuru na ana masaa mawili kabla gari ya Kisumu iondoke, nenda Hyrax tu, iko kwa barabara kuu, na ukipata mwelekezi kwa haraka utaona zaidi ya mtu aliyekaa siku nzima. Mtoto wa shule, Hyrax bila swali. Mtu amefiwa ama ana mzigo wa moyo, mimi ningempeleka Menengai asubuhi na mapema, nimkalishe mahali salama mbali na ukingo, ninyamaze.

Ukiwa na siku mbili, anza Hyrax. Sisi tulikosea tukaanza Menengai na kesho yake watoto walifika Hyrax wakiwa wanatafuta shimo kubwa, ikatuchukua nusu saa kuwashusha. Ukianza Hyrax, ukishaambiwa habari za lile ziwa na kile kioo cheusi, ukifika Menengai utakua unaiangalia na macho mengine, utajua ni nani alikua anaishi kwenye majivu yake.

Na kama una mzee wa upande wa Ziwa Victoria, kuna kitu kimoja Hyrax usikiruke ata mvua ikinyesha. Kwenye mwamba kuna vishimo vidogo vimechongwa kwa mistari, laini laini, mtu asiyejua atadhani ni maji yalitoboa. Ni bao. Watu walikaa hapo juu ya kilima na ng'ombe zao zikiwa chini, wakacheza. Shangazi alichuchumaa akaanza kuvihesabu na kidole hewani bila kugusa, midomo inasonga, halafu akasema "ajua," yaani bao kwa Kijaluo. Baba yake, yaani babu yangu, alikua bingwa wa ajua pale Ahero, mimi sikuwahi kujua. Wakikuyu wanaiita giuthi, mwelekezi akaongezea, lakini shangazi hakua anasikia tena.

Jioni hiyo tukiwa nyumbani nilisikia watoto wamenyamaza ghafla, na ukiwa na watoto watatu kimya kinatisha kuliko kelele. Nikatoka nje. Shangazi alikua amechimba vishimo kwa udongo kando ya kamba ya nguo, mistari miwili, amemwaga maharagwe yangu ya githeri ndani, na watoto wamemzunguka. Tulicheza mpaka giza na sikushinda ata raundi moja. Asubuhi keateka akapita akasimama akaviangalia vile vishimo muda mrefu, akauliza ni nani ameanza kupanda nini hapo.